Kati ya Stesheni na Geti: Jinsi Serikali Zinavyopanga Ulinzi na Safari za Mashindano Makubwa

Jioni ya Jumamosi, tarehe 28 Mei 2022, maelfu ya mashabiki wa Liverpool walishuka kwenye treni kaskazini mwa Paris wakiwa na tiketi halali na muda wa kutosha. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Real Madrid ilipangwa kuanza saa tatu usiku katika uwanja wa Stade de France, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka stesheni. Mpira ulichelewa kwa dakika 36. Ulipoanza, bado nje kulikuwa na watu wenye tiketi mkononi na macho mekundu kwa mabomu ya machozi. Miongoni mwao walikuwamo watoto na watu wenye ulemavu.

Hakuna gaidi aliyehusika siku ile. Kilichotokea kilianzia kwenye jambo la kawaida kabisa: mgomo wa reli. Uwanja huo unahudumiwa na njia mbili kuu za treni, B na D. Wafanyakazi wa njia B walikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo watu wengi kuliko kawaida wakapanda treni za njia D. Stesheni ya D inawashusha abiria upande mwingine, na kutoka hapo mtu hufika uwanjani kwa kupita chini ya barabara kuu ya magari, kwenye njia nyembamba. Hapohapo ndipo palipowekwa kizuizi cha kwanza cha ukaguzi, ambako mtu alipekuliwa mwili na kukaguliwa tiketi kwa pamoja. Magari ya polisi yaliyoegeshwa pale yalizidi kuibana njia. Wasimamizi wa usafiri waliona mapema kwamba umati umehamia D, lakini habari hiyo haikubadilisha chochote pale kwenye kizuizi. Watu wakarundikana chini ya daraja. Kizuizi kilipoondolewa, umati wote ukaenda kuangukia kwenye mageti, na mageti nayo yakafungwa.

Saa chache baadaye viongozi wa serikali ya Ufaransa walisema chanzo kilikuwa mashabiki elfu 30 hadi 40 waliofika na tiketi bandia au bila tiketi. Uchunguzi wa Baraza la Seneti la Ufaransa na wa jopo huru lililoundwa na UEFA haukuliunga mkono dai hilo. Tiketi bandia zilizonaswa na mashine za mageti zilikuwa takriban 2,600. Jopo hilo, lililotoa ripoti yake Februari 2023, liliitwika UEFA dhamana kuu ya kilichotokea, na likaikosoa polisi kwa kuwatazama mashabiki kama tishio tangu mwanzo.

Naanza na jioni hiyo kwa sababu inaonyesha jambo ambalo mijadala mingi ya ulinzi wa michezo hulipita. Tukisikia "usalama wa Kombe la Dunia" au "usalama wa Olimpiki", tunawaza askari, mbwa wa kunusa, droni na kamera. Tukisikia "usafiri", tunawaza mabasi, viza na hoteli. Mambo hayo mawili huandikwa kwenye mafaili tofauti na kusimamiwa na wizara tofauti, wakati kwa uhalisia ni kazi moja. Sehemu yenye hatari kubwa kuliko zote iko katikati ya mafaili hayo, kwenye yale mamia ya mita kati ya stesheni na geti, ambako shirika la reli limeshamaliza wajibu wake na mwenye uwanja hajaanza wa kwake.

Historia mbili zisizosalimiana

Mgawanyiko huu una asili yake. Ulinzi wa mashindano makubwa kama tunavyoujua leo ulizaliwa Munich mwaka 1972. Ujerumani Magharibi ilitaka michezo ya furaha, itakayowafanya watu wasahau Olimpiki ya Berlin ya 1936 chini ya Wanazi. Walinzi walivaa sare za buluu nyepesi na hawakubeba silaha. Alfajiri ya tarehe 5 Septemba, wanaume wanane wa kundi la Kipalestina la Black September waliruka uzio wa kijiji cha wanamichezo na kuwateka wanatimu wa Israeli. Polisi walipopanda kwenye paa kujaribu kuwaokoa mateka, kamera za televisheni zilikuwa zinaonyesha kila hatua moja kwa moja, na mle ndani mlikuwa na televisheni. Jaribio likaachwa. Mwisho wake, Waisraeli 11 na polisi mmoja wa Kijerumani waliuawa.

Tangu hapo kila mwenyeji amepanga akimtazama mtu wa kwenye uzio. Ujerumani iliunda kikosi maalumu cha GSG 9 majuma machache tu baadaye. Montreal mwaka 1976 ilijaa askari. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, gharama zilipaa zaidi. Athens mwaka 2004 ilitumia zaidi ya euro bilioni moja kwa ulinzi peke yake, huku NATO ikisaidia.

Historia ya pili haina mtu mwenye bunduki. Ni ya umati wenyewe. Heysel, Brussels, mwaka 1985: watu 39 walikufa kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus, baada ya mashabiki kuvamia upande wa wenzao na ukuta kuporomoka. Hillsborough, Sheffield, mwaka 1989: 97, wengi wao wakikosa pumzi nyuma ya nyavu za chuma zilizowekwa ili kuwazuia mashabiki wasiingie uwanjani. Accra, Mei 2001: zaidi ya 120, walioukimbia moshi wa mabomu ya machozi na kukuta milango imefungwa. Na Yaoundé, tarehe 24 Januari 2022, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika: wanane walikufa nje ya uwanja wa Olembé, katika msongamano kwenye geti la kusini ambalo, kwa maneno ya rais wa CAF Patrice Motsepe, lilipaswa kuwa wazi lakini lilifungwa.

Ukizijumlisha hesabu hizi na zile za mashambulizi viwanjani, ukweli unauma: viwanja na njia za kuingia na kutoka zimeua mashabiki wengi kuliko magaidi. Lakini bajeti hazifuati uwiano huo, na naelewa sababu. Shambulio ni aibu ya taifa mbele ya dunia nzima. Msongamano huitwa ajali, na lawama zake husukumiwa kwa waliokufa. Hillsborough ilichukua miaka 27 hadi baraza la wazee wa mahakama lilipotamka, mwaka 2016, kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Kiingereza na Kifaransa vina maneno mawili tofauti, moja la kujikinga na ajali na jingine la kujikinga na adui. Kiswahili mara nyingi hutumia neno moja kwa yote mawili, usalama. Nadhani neno letu linashika jambo ambalo ofisi nyingi zimelipoteza. Mwaka 2016 Baraza la Ulaya lilitunga mkataba mpya wa mechi za mpira na michezo mingine, kuchukua nafasi ya ule wa 1985 uliozaliwa na maafa ya Heysel. Ule wa zamani ulijikita kwenye vurugu. Huu mpya unataka ajali, uhalifu na huduma kwa watazamaji vipangwe pamoja, na wasimamizi wote wakae meza moja. Ulitiwa saini Saint-Denis, mji uleule wenye Stade de France, miaka sita kabla ya usiku ule wa mabomu ya machozi.

Nani anashika usukani

Nchi ikiomba kuandaa Olimpiki au Kombe la Dunia hutoa dhamana za maandishi, na dhamana ya ulinzi hutolewa na serikali yenyewe. Shirikisho la michezo halina polisi. Hata hivyo ndani ya uzio wa uwanja, kwa kawaida mwenye mamlaka ya kila siku ni mwandaaji na walinzi wake wa kuajiriwa. Nje ni polisi. Angani ni jeshi. Barabarani ni mamlaka ya uchukuzi, mpakani ni uhamiaji, hospitalini ni wizara ya afya. Kazi ngumu ya mpangaji ni kuamua nani ana neno la mwisho pale ambapo hawa wote wanakutana.

Marekani ilijaribu kulimaliza suala hili kwa amri ya rais ya 1998. Tukio likitangazwa kuwa tukio maalumu la usalama wa taifa, Secret Service, kikosi kinachomlinda rais, huongoza mpango wa ulinzi, FBI hushughulikia intelijensia na upelelezi, na FEMA, shirika la serikali la maafa, hujiandaa kwa dharura. Majina ya wakubwa yanaandikwa mapema, ili siku ya siku pasiwe na ubishi. Ufaransa kwa kawaida huweka mamlaka mikononi mwa mwakilishi wa serikali mkoani, na jijini Paris mkuu wa polisi, anayewajibika kwa wizara ya mambo ya ndani. Mifumo inatofautiana, na sidhani kuna mmoja ulio bora kila mahali. Swali la kumuuliza mwenyeji yeyote ni hili: je, kuna mtu mmoja, jina lake linajulikana, mwenye uwezo wa kuamuru mechi icheleweshwe kwa sababu treni zimekwama?

Idadi ya watu huwa tatizo la pili. London mwaka 2012 iliikabidhi kampuni ya G4S kazi ya kutoa walinzi wapatao 10,400. Wiki mbili kabla ya ufunguzi ikabainika kwamba haitaweza. Serikali ikaita askari 3,500 wa ziada, baadhi yao wakikatiziwa likizo, hadi wanajeshi waliohusika wakafika takriban 18,000. Rio, miaka minne baadaye, mkataba wa kampuni ya kukagua watu mageti ulivunjwa siku chache kabla ya ufunguzi, na polisi wakajaza pengo. Mlinzi wa geti ni kazi ya majuma machache, yenye malipo madogo, inayohitaji mafunzo na uchunguzi wa historia ya mtu. Kwenye karatasi anaonekana rahisi kupatikana kuliko askari. Kiuhalisia ndiye wa kwanza kupungua.

Wenyeji wengine huazima. Qatar, nchi ndogo, ilipokea zaidi ya polisi 3,000 kutoka Uturuki kwa Kombe la Dunia la 2022. Na karibu kila mashindano makubwa ya mpira siku hizi huwa na kituo cha pamoja cha polisi wa kimataifa, ambako kila nchi inayoshiriki hutuma maofisa wake. Wengine huvaa kiraia na kuzunguka na mashabiki wa kwao. Hao wanajua wimbo upi ni utani na upi ni mwanzo wa ngumi, jambo ambalo askari wa mwenyeji hawezi kulijifunza kwa wiki moja. Kwa maoni yangu hawa ni askari wenye thamani kuliko kikosi kizima cha kutuliza ghasia, maana wanazuia ghasia isihitaji kutulizwa.

Timu ikiwa njiani

Tarehe 8 Januari 2010, siku mbili kabla ya Kombe la Mataifa ya Afrika kuanza nchini Angola, basi la timu ya taifa ya Togo lilivuka mpaka kutoka Kongo-Brazzaville kuingia Cabinda, jimbo la Angola lililotenganishwa na nchi nyingine na lenye waasi wanaotaka kujitenga. Watu wenye silaha wakalimiminia risasi. Kocha msaidizi Abalo Amelete na ofisa habari Stanislas Ocloo walikufa. Kipa Kodjovi Obilalé alijeruhiwa vibaya. Waandaaji walisema timu zilitakiwa kusafiri kwa ndege. Togo ilikuja kwa barabara. CAF kisha iliifungia Togo mashindano mawili kwa kujitoa, adhabu iliyofutwa baadaye, na naona hata leo haisameheki.

Ukiacha waliofyatua risasi, ambao ndio wenye hatia, mambo mengi yaliungana siku ile. Kulikuwa na uamuzi wa kuweka mechi kwenye jimbo lenye vita. Kulikuwa na sharti la usafiri ambalo halikufuatwa, na msafara uliopokewa mpakani na kusindikizwa badala ya kusimamishwa na kuambiwa upande ndege. Kila kiungo kilidhani kingine kimeshafanya uamuzi.

Lahore, Pakistan, ilikuwa imeonyesha jambo hilohilo miezi kumi kabla. Basi la timu ya kriketi ya Sri Lanka lilishambuliwa tarehe 3 Machi 2009 likielekea uwanjani. Polisi sita na raia wawili waliuawa. Wachezaji walinusurika kwa kiasi kikubwa kwa sababu dereva hakusimama. Pakistan ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kuchezewa nyumbani mechi za kimataifa za siku tano, hadi Desemba 2019. Ndiyo maana leo njia ya basi la timu huwa na mbadala wake, hubadilishwa bila kutangazwa, na dereva hufunzwa kwamba akishambuliwa asisimame.

Nchi inayotuma timu nayo ina mpango wake. Ubalozi huandaa maofisa wa ziada kwa ajili ya raia watakaopoteza pasipoti, kuugua au kukamatwa. Hutoa taarifa za safari zinazosema mtaa upi uepukwe usiku na sheria zipi za pombe au mavazi zinawahusu wageni. Hupanga njia ya kuwaondoa watu ikibidi. Serikali tajiri hupeleka walinzi wa timu zao. Zile maskini hutegemea neno la mwenyeji, na pengo hilo ni sehemu ya sababu Cabinda iliwapata Togo.

Tiketi, viza na mlango wa nchi

Mlango wa kwanza wa uwanja uko kwenye ubalozi. Urusi mwaka 2018 ilifanya jambo jipya kwa kiwango kile: mwenye tiketi alijiandikisha akapata kitambulisho cha shabiki, na kitambulisho hicho pamoja na tiketi vikawa ruhusa ya kuingia nchini bila viza na kupanda bure treni maalumu kati ya miji yenye mechi. Qatar iliendeleza wazo hilo kwa kadi ya Hayya, iliyokuwa ruhusa ya kuingia nchini, sharti la kuingia uwanjani na tiketi ya metro kwa wakati mmoja.

Urahisi wake ni wa kweli. Na thamani yake kwa vyombo vya dola ni kubwa kuliko urahisi: kila anayekuja ameshapeleka jina, picha na anwani miezi kadhaa kabla, na majina hayo yamepitishwa kwenye orodha za watu wanaotafutwa. Uingereza nayo hutumia mlango huohuo kinyume chake. Shabiki aliyepigwa marufuku na mahakama kwa vurugu hulazimika kukabidhi pasipoti yake polisi kabla timu ya taifa haijaenda kucheza nje. Kitambulisho kimoja hakitoshi kuzuia kila hatari, lakini kinahamisha sehemu ya ukaguzi kutoka getini, ambako kuna sekunde, hadi ofisini, ambako kuna wiki.

Pale ambapo mlango wa nchi hauendani na mlango wa uwanja, anayeumia ni shabiki. Kombe la Dunia la 2026 lilipangwa kuwa na timu 48, mechi 104 na miji 16 katika nchi tatu, Marekani, Kanada na Mexico, kila moja na sheria zake za uhamiaji. Tiketi ya FIFA si viza ya nchi yoyote kati ya hizo. Marekani ilitangaza utaratibu wa kuwapa wenye tiketi miadi ya haraka ya viza, lakini miadi si kibali. Juni 2025 ilizuia raia wa nchi 12 kuingia, ikiwamo Iran ambayo ilikuwa imeshafuzu. Amri ile iliwaacha nje ya zuio wachezaji, makocha, wahudumu muhimu wa timu na jamaa zao wa karibu. Shabiki wa kawaida hakutajwa. Serikali ina haki ya kulinda mpaka wake. Lakini mashindano ambayo timu inaingia na watu wake wanabaki nje yamepunguzwa kitu, na wapangaji walipaswa kuliweka jambo hili mezani siku ile mwenyeji alipochaguliwa.

Hesabu za getini

Sasa turudi kwenye kile kizuizi cha chini ya daraja, kwa sababu hapa ndipo penye hesabu ambazo kila mtu anaweza kuzifanya.

Mwongozo wa Uingereza wa usalama viwanjani unakadiria kwamba geti moja la kuzunguka lisihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Chukua treni inayoshusha watu 1,000 kila dakika tano. Hao ni 12,000 kwa saa. Kwa tiketi peke yake, mageti 19 yanatosha. Ongeza upekuzi wa mwili na mkoba unaochukua sekunde 20 kwa kila mtu. Mstari mmoja sasa unapitisha watu 180 kwa saa, na unahitaji mistari 67. Ukiwa na mistari 30, watu 5,400 ndio wanaopita kwa saa moja, na 6,600 wamebaki wamesimama. Treni haijui hilo. Inaendelea kuleta 1,000 kila dakika tano.

Sasa wapange hao 6,600 kwenye eneo lao. Umati ukizidi watu wanne au watano kwa mita moja ya mraba, mtu anaanza kupoteza uwezo wa kuchagua aelekee wapi. Msukumo unapita mwilini mwake kama wimbi. Kwa msongamano wa watu wanne, 6,600 wanajaza mita za mraba 1,650. Kama njia ina upana wa mita kumi, foleni ina urefu wa mita 165, na mtu wa nyuma haoni kinachotokea mbele. Anasukuma kidogo tu. Kila mmoja anasukuma kidogo tu.

Kwa hiyo kuna njia nne tu za kuliokoa eneo: kuongeza mistari, kupunguza sekunde, kupunguza treni zinazofika kwa saa, au kuwafanya watu wafike kwa zamu. Polisi wana uwezo juu ya mbili za kwanza. Ya tatu iko kwa shirika la reli na ya nne kwa mwandaaji, anayeweza kufungua mageti mapema na kuweka burudani ndani. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayeweza kulimaliza tatizo peke yake. Hii ndiyo sababu nasema ulinzi na usafiri ni kazi moja.

Na mabomu ya machozi hayamo katika njia hizo nne. Yanamwambia mtu aondoke, wakati shida yake ni kwamba hana pa kuondokea.

Uzio unahamisha hatari

Hakuna mpangaji anayeweza kuacha kukagua. Usiku wa tarehe 13 Novemba 2015 Ufaransa ilikuwa ikicheza na Ujerumani mbele ya karibu watu 80,000 katika Stade de France hiyohiyo, Rais François Hollande akiwa jukwaani. Washambuliaji watatu wa kujitoa mhanga walifika. Wote walijilipulia nje, na mpita njia mmoja akauawa. Usiku huohuo watu wengine zaidi ya 120 waliuawa katikati ya Paris. Kama wale watatu wangeingia kwenye majukwaa, sijui ni namba gani tungeiandika leo. Uzio ulifanya kazi.

Lakini uzio pia hukusanya watu nje yake, na kuhamishia hatari kule ambako hakuna uzio. Atlanta mwaka 1996 ililinda viwanja vyake kwa nguvu zote. Bomu likawekwa kwenye bustani ya Centennial Olympic Park, mahali pa wazi pa kukusanyika ambapo hakuna aliyepekuliwa. Mtu mmoja aliuawa na mlipuko, mpiga picha akafa kwa mshtuko wa moyo, zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Simu ya onyo ilikuwa imepigwa dakika zipatazo ishirini kabla. Mpokea simu za dharura alikwama, kwa sababu mfumo wake haukuwa na anwani ya bustani hiyo. Nimewahi kusoma habari nyingi za bomu lile, na hakuna kinachonisumbua kama anwani hiyo.

Paris ilijua historia yote hii ilipoamua kufungua Olimpiki ya 2024 nje kabisa ya uwanja, kwa boti kwenye kilomita sita za mto Seine. Mipango ya awali ilitaja watazamaji 600,000. Ikapunguzwa hadi takriban 320,000. Kuanzia tarehe 18 Julai kingo za mto zilizungushiwa eneo ambalo hata mkazi aliingia kwa kuonyesha msimbo kwenye simu. Polisi na askari wa gendarmerie wapatao 45,000 walipangwa kwa siku ya ufunguzi, na anga ikafungwa kwa umbali wa kilomita 150. Kulikuwa na mpango wa akiba wa kulihamishia tukio ndani ya Stade de France.

Alfajiri ya tarehe 26 Julai, siku ya ufunguzi, watu wasiojulikana walichoma nyaya za reli za treni za mwendo kasi katika sehemu kadhaa mbali na Paris. Safari za watu wapatao 800,000 zikavurugika mwishoni mwa juma hilo. Sherehe yenyewe iliendelea, kwa mvua, bila shambulio. Mto ulilindwa, reli ina maelfu ya kilomita.

Kompyuta nazo zimekuwa uzio wa namna yake. Usiku wa ufunguzi wa michezo ya majira ya baridi ya PyeongChang, Februari 2018, programu hasidi ilizima intaneti ya uwanja na tovuti ya kuchapishia tiketi, na mafundi walikesha hadi asubuhi kuirudisha. Marekani baadaye iliwashtaki maofisa sita wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi. Miaka minne baadaye, Qatar, hapakuhitajika hata adui: kwenye mechi ya Uingereza na Iran, tiketi za simu ziligoma kufunguka na mashabiki wakabaki nje ya mageti. Tiketi ikiwa kwenye simu, betri iliyokufa na mtandao ulioelemewa ni masuala ya usalama wa umma. Mwenyeji makini huweka dirisha la msaada kabla ya kizuizi cha kwanza, mahali ambapo mtu mwenye shida anaweza kujitoa kwenye foleni bila kurudi nyuma dhidi ya mkondo wa watu.

Safari ya kurudi

Kuingia huchukua saa tatu. Kutoka huchukua dakika arobaini, usiku, watu wamechoka, wengine wamelewa, na wote wanaelekea stesheni zilezile. Uwanja wa Ibrox, Glasgow, tarehe 2 Januari 1971, ulipoteza watu 66 kwenye ngazi moja wakati wa kutoka, hakuna aliyekuwa akipigana.

London mwaka 2012 ililichukulia hili kwa uzito: tiketi ya mchezo ilikuja na kadi ya usafiri wa siku nzima, na treni maalumu zilisafirisha watu kati ya Stratford na kituo cha St Pancras kwa dakika saba hadi usiku mwingi. Watumishi wa kujitolea walisimama njiani kuwaelekeza watu kabla hawajafika penye msongamano. Wapangaji wengine wanapaswa kuiga hasa hili la mwisho, kwa kuwa halihitaji mtambo wowote.

Saint-Denis usiku ule wa Mei 2022, mashabiki waliotoka uwanjani, wa Liverpool na wa Madrid, walishambuliwa na kuibiwa na magenge ya vijana njiani wakirudi kwenye treni. Polisi walikuwa wengi kwenye mageti. Zile mita mia kadhaa za kurudi stesheni, zilezile zilizowakwamisha jioni, watu walizitembea wenyewe.